Lori kwenye Maegesho ya Wahadhiri

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na tuseme mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Askari wa geti alichangia kidogo, lakini usukani ulikuwa na mtu mmoja tu.

Madereva wenzake walimwita Profesa, ingawa uprofesa wenyewe hakuufikia. Aliishia kwenye udaktari, ule wa historia usiotibu mtu. Miaka nenda miaka rudi alifundisha chuo kikuu habari za misafara ya kale: nani alipita wapi, amebeba nini, akalala kituo gani. Njia zote hizo alizijua akiwa amekaa. Asubuhi nyumbani hadi ofisini, mchana ofisini hadi kantini, jioni kurudi. Tumbo likanawiri, kiti kikabonyea. Halafu siku moja, katikati ya kikao cha kupanga tarehe ya kikao kingine, alitazama dirishani akaona lori linapita barabara kuu, dereva katoa kiwiko nje, anaimba. Akanyanyuka kama mtu anayekwenda msalani. Hakurudi.

Mkewe aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema bora lori kuliko ule uso anaoletewa kila jioni pamoja na mkoba. Mgumu alikuwa dada yake mkubwa. Huyu ndiye aliyelishika lori la marehemu baba yao, akaliendesha mwenyewe mpaka likazaa la pili, na viganja vyake vilikuwa na sugu ambazo hakuna chuo kinachozitunuku. Alimfundisha mdogo wake, akamkalia kando safari baada ya safari, akimkaripia kwa kila gia. Leo, kwa mara ya kwanza, alimwachia ufunguo aende peke yake. Kwa sharti.

"Sikiliza, mdogo wangu. Mkwaruzo mmoja tu, hata wa ukucha, unanirudishia ufunguo na wewe unarudi kwenye chaki zako. Lori hili ndilo lililotulea. Si dawa ya mtu aliyechoka vikao."

"Nimekubali, dada."

"Usikubali haraka hivyo. Unanitia wasiwasi."

Mzigo ulikuwa viti vya ukumbi mpya wa mihadhara, na ukumbi wenyewe, kana kwamba dunia inamtania, ulikuwa wa chuo kilekile. Maelekezo yalikuwa mepesi: geti la chini, nyuma ya karakana, mpaka ghalani. Dada angekuwa pale anamsubiri.

Na kweli alikuwa na nia ya kwenda geti la chini. Lakini alipoikaribia kona ya chuo, akili ilikuwa mbali, inawaza wenzake wa zamani watamwonaje. Mikono ikabaki bila msimamizi. Ikakata kushoto kwenda geti la juu, la wahadhiri, kama ilivyokata kila asubuhi ya maisha yake ya zamani. Askari naye aliuona uso anaoujua dirishani, hakujisumbua kutazama kilichoufuata uso huo. Akapiga saluti, akainua kizuizi.

"Karibu, Daktari. Umepotea sana."

"Nipo, kaka, nipo."

Alikuwa ameshaanza kukunja kuelekea sehemu yake ileile, chini ya dirisha la idara, ndipo akakumbuka kwamba ana tela nyuma, refu kama darasa.

Breki zikapiga chafya. Mbele, magari ya wahadhiri yamepangwa kama meno. Nyuma, tela limejipinda katikati ya nguzo mbili za geti, na upande wa kulia, kati ya bati na nguzo, hapakuwa na nafasi ya kupitisha daftari. Akasikia jasho likitafuta njia mgongoni.

Wanafunzi walikuwa wanatoka kipindi. Wakakusanyika, simu juu. Naye, badala ya kunyamaza, alishusha kioo akafanya anachokijua.

"Jamani, tatizo hili lina sehemu tatu," akaanza.

"Litakuwepo kwenye mtihani?" mmoja akauliza. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akajikuta anacheka, usukani umemkaa tumboni.

Kicheko kilimtoa nje mkuu wa idara, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya kuomboleza hata anapoagiza sukari.

"Daktari, ndugu yangu. Ndiyo nini hii?"

"Viti, mkuu. Nimewaletea viti."

"Shuka, tafadhali. Rudi nyumbani. Nafasi yako ipo vilevile, sijampa mtu."

Profesa akatupa jicho chini ya dirisha la idara. Kigari cha mkuu kilikuwa kimelala pale, kivulini kabisa.

"Naiona, mkuu," akasema.

Hapo dada akatokea. Alikuwa amesikia honi za waliofungiwa njia, akapanda mlima kwa miguu kutoka ghalani, kanga imefungwa kiunoni, na hakumsalimu mtu. Alizunguka lori taratibu. Alipofika penye nguzo akainama, akafumba jicho moja, akachungulia.

"Dada, naomba nieleze. Nilipofika pale kwenye kona…"

"Usinifundishe. Halijagusa bado. Umelitia mwenyewe, litoe mwenyewe. Mimi nitakuwa macho yako, basi."

"Mama," mkuu akaingilia, "si bora tumwite dereva?"

"Dereva si huyo amekaa?" akajibu dada, akaenda kusimama nyuma.

Profesa akaweka gia ya nyuma. Watu wakanyamaza wenyewe, jambo ambalo darasani hakuwahi kulipata.

"Kata kulia. Kidogo. Nimesema kidogo, siyo sura nzima. Simama. Sasa nyoosha. Njoo. Njoo."

Tela likajinyoosha kama mtu anayeamka. Nguzo ikapita dirishani, karibu kiasi cha kuhesabu nyufa zake. Halafu ikapita tu, na lori zima likawa barabarani, wanafunzi wakipiga makofi na askari akipiga saluti nyingine, safari hii kwa tela.

Profesa alizima, akashuka. Bila kuambiwa, akamkabidhi dada ufunguo, akasimama kando.

Dada akapitisha kiganja ubavuni mwa tela, kutoka mkia hadi kichwa, polepole, kama anayepapasa paji la mtoto kuona kama lina homa. Akarudia kwa mara ya pili. Akakipangusa kiganja kwenye kanga, akaupima ufunguo mkononi.

Mkuu aliona ndiyo saa yake.

"Mama, wewe ni mtu mzima, msaidie mdogo wako. Umeona leo aibu hii. Miaka yote aliyokaa kwetu, huyu hakuwahi kukwama hata siku moja."

Dada akamrushia mdogo wake ufunguo, kisha akamgeukia mkuu.

"Angekwamaje, mzee wangu, na alikuwa hasogei?"