Kompyuta Iliyomrudisha Kokubanza Kwao

"Programu yako imekula faili, Haidari! Imelila mchana kweupe, wala haijafuta mdomo!"

"Programu haili, Ma Feli. Wewe ndiye hukumbuki ulikoweka."

"Mimi? Mimi ninayemjua kila mtu wa Muleba na ukoo wake?"

"Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe," akadakia Audax, muuza pembejeo wa duka la kushoto, ambaye hakuitwa na mtu. "Nani duniani anapanga mafaili ya steshenari kwa koo?"

Felicitas alimtazama kama mtu aliyetukana mezani. Angeyapangaje tena? Mteja akiingia, kitu cha kwanza humuuliza ni wa ukoo gani, kwao wapi, kaolewa na nani. Akishajibu, kazi yake inaingia kwenye folda ya ukoo huo. Mwanamke aliyeolewa anawekwa kwa mumewe. Miaka tisa ameendesha duka hivyo pale stendi, na hajawahi kumchapia mtu cheti cha mwingine.

Tatizo lilikuwa kompyuta yenyewe, ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imeshachoka. Programu yake ya kufungulia mafaili ilikuwa nzito mno: unabonyeza folda, unakwenda kusalimia majirani, unarudi unakuta kiduara bado kinazunguka. Jumatatu Haidari, fundi simu wa duka la kulia, alimwekea programu nyingine, yenye vyumba viwili kwenye kioo, kimoja kushoto na kimoja kulia. Jumatano Audax, aliyesoma kompyuta mwaka mzima Bukoba mjini na hajamruhusu mtu kusahau, akamwekea ya kwake. Sasa mashine ilihema kama mtu anayepanda kilima na mkungu kichwani. Programu moja ilikuwa lazima itoke leo.

Na leo hiyohiyo, kijitabu cha misa ya ndoa ya Lilian hakionekani.

Kurasa kumi na mbili. Nyimbo, masomo, majina ya wazazi wa pande zote mbili, padri ameshapitia. Ndoa kesho, Kanazi. Mama wa bibi harusi, Kokubanza, anafika saa sita kuchukua nakala mia mbili, na saa tano imeshapita. Kikikosekana, habari itafika Bukoba kabla ya basi, na Felicitas ataitwa "yule aliyeharibu harusi" hadi siku ya kuzikwa kwake.

"Mimi yangu inatafuta," Audax akasema, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Unaandika neno tu. Ona. Misa."

Zikaja misa mia tatu na arobaini. Misa mpya, misa mpya mbili, misa ya mwisho, misa ya mwisho kabisa.

"Andika Kokubanza."

Hakuna.

"Hakuna kwa sababu yeye simwandiki jina," Felicitas akasema, jasho likimtoka. "Nimemwandika Mke wa Kaijage."

Mke wa Kaijage naye hakuna.

"Programu nzuri sana," Haidari akasema. "Inatafuta, haipati. Kama polisi aliyetumwa kutafuta ng'ombe walioibwa."

"Angalau yangu haina makengeza!"

"Tokeni wote wawili!" Felicitas akanyakua kipanya. Alifungua ya Haidari. Kushoto akaweka Abasimba, ukoo wa Kaijage. Hamna kitu. Kulia, kwa kubahatisha tu, akaweka Abayango. Akashuka na orodha taratibu. Pale chini, katikati ya risala ya Annastella na barua ya mkopo ya mtu fulani, akaliona faili: Binti wa Rwekaza.

Alikumbuka. Mwezi uliopita muuza chai alimnong'oneza kwamba Kokubanza kamwacha Kaijage, karudi kwa baba yake. Na Felicitas, kwa kupenda mambo yakae sawa, akamhamishia kwa Abayango, ukoo wa baba yake, Rwekaza, siku ileile, na jina akambadilisha.

"Waitu, hamjambo humu," sauti ikasema nyuma yake. Kokubanza alikuwa ameinama karibu na bega lake, miwani puani, anasoma kioo. "Felicitas. Kwa nini mimi niko kwa baba yangu?"

Haidari akakumbuka ana mteja. Audax akaanza kuchunguza dari.

"Nilisikia umerudi kwenu," Felicitas akasema kwa sauti ndogo.

"Nani kasema?"

"Watu."

"Mawe! Nilikwenda kumuuguza mama! Wiki tatu! Nawe ukanihamisha na mabegi yangu?"

"Mabegi sikugusa. Faili tu."

Felicitas aliona duka linafungwa, aliona ubao wake ukishushwa. Kisha mwanamke yule akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Nirudishe. Sasa hivi, nikiona kwa macho yangu."

Felicitas alilishika faili, akaliburuta kutoka kulia hadi kushoto, akaliandika upya: Mke wa Kaijage.

"Umefika."

"Nimefika bila wazee? Bila pombe ya lubisi?" Tumbo la Kokubanza likaanza kutikisika, kisha kicheko kikamtoka, akajishika mezani. "Wenzangu hufuatwa na wakwe wawili na kibuyu! Mimi nimevutwa na kipanya!"

Kicheko kikamwambukiza hata Haidari, ambaye kumbe hakuwa na mteja. Printa ikaanza kutema kurasa.

"Kwa hiyo yangu…" Audax akauliza.

"Futa, mwanangu. Yako ina mbio, lakini hainionyeshi mtu katoka wapi na kaenda wapi."

Nje honi ya pikipiki ikalia kwa pupa.

"Ndiye huyo niliyemwacha," Kokubanza akasema, akifuta machozi. "Ana haraka."

Felicitas alikwenda mlangoni. Kutoka chumba cha nyuma, alikoinjika chungu tangu asubuhi, harufu ya maharage na ndizi ilikuwa imeshajaa duka zima.

"Kaijage! Zima hiyo pikipiki uingie! Nakala mia mbili hazitoki kwa honi, na ebitoke vimeiva!"