Milunka na Njia ya Rada

Mgomo wa posta ulipoingia wiki ya pili, Milunka alikuwa bado anaota moto wa pipa nje ya ofisi pamoja na wenzake, lakini jicho lake halikumbanduka Rada.

Wote wawili walisambaza barua katika mji ule mdogo wa Serbia, Milunka mitaa ya bondeni, Rada vijiji vya mlimani. Wakubwa walitaka kufuta njia za mlimani, barua ziachwe dukani, kila mtu ajifuatie yake. Ndiyo maana waligoma. Na kila asubuhi watu wa mlimani walishuka na mikate ya jibini na chupa za rakia, pombe yao kali ya matunda, wakampita Milunka kama nguzo ya umeme.

"Rada wetu yuko wapi?"

"Mimi watu wa mitaa yangu wananifungulia mbwa tu," Milunka alisema. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi meneja alipomvuta pembeni akamwambia, "Shika njia ya Rada kwa siku hizi," hakuuliza atapata nini. Alibeba mkoba akatokea mlango wa nyuma. Alitaka naye angojewe getini.

Kwa bibi Stamena alibisha, kifurushi cha dawa mkononi. Mlango ukafunguka kidogo.

"Rada yuko wapi?"

"Amegoma, bibi. Nimekuja mimi."

"Kumbe. Mwenzio anapigwa baridi kwa ajili yetu, wewe unamzunguka." Akazipokea dawa kwa kuwa alizihitaji. "Kunywa maji kama una kiu, halafu ushuke, mwanangu."

Nyumba zilizofuata hata maji hakupewa.

Alirudi na mkoba haujapungua hata nusu, akaenda moja kwa moja penye pipa. Habari zilikuwa zimemtangulia. Wanaume wakampa mgongo, mmoja akanong'ona, "Msaliti." Rada akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Mwacheni akae. Stamena kapata dawa?"

"Kapata."

"Afadhali. Nilikuwa silali."

Theluji ilikuta mgomo umekwisha. Njia ya mlimani ilibaki, ingawa kwa siku mbili tu kwa juma. Wenzake walianza tena kumsalimu Milunka, kwa kuwa Rada alimsalimu kwanza, na hilo ndilo lililomchoma. Angetukanwa na Rada mbele za watu, angepumua. Sasa hata kwa kusamehe Rada alikuwa amemshinda, na kila alipopita bondeni na baiskeli yake, aliinua macho mlimani akasonya.