Taa ya Injini ya Mwalimu Kornel

Mara ya nne Mwalimu Kornel aliporudisha gari gerejini kwangu Pasua, nilitamani kulisukumia mtoni Karanga. Taa ya injini, ile ya njano kwenye dashibodi, imewaka tena! Gari lenyewe la dizeli, limetoka Japani likiwa limeshachoka. Lakini mimi Primus nafungua injini tangu enzi za foleni za sabuni, leo kijitaa kinanifanya mjinga?

Kusoma kosa lake si kazi. Unaunganisha matundu mawili ya soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, taa inapepesa, unahesabu. Kila mara inapepesa mbili, inatulia, mbili tena: sensa ya joto la maji. Nikabadilisha sensa. Nikaagiza nyingine Nairobi, ikapitia mpakani Tarakea, nikabadilisha tena. Waya wa sensa nikaunyoosha, nikaupima, mzima. Mjini gari linakwenda vizuri kabisa, namkabidhi mwenyewe kwa mbwembwe. Likilala kwao Kibosho siku mbili tatu, taa hiyo, moshi mweusi, asubuhi linazimika njiani. Hata nyuzi za jani la mgomba nilizikuta zimenasa kwenye ule waya, nikazipuliza. Kule migomba iko hadi mlangoni, nani angejali?

Nikamlaumu Kornel. Nikamwambia anaendesha kama anafukuza mwizi, na dizeli ananunua ya madumu. Hakubishana. Alisema tu kwamba mkewe Salvina yuko mwezi wa tisa, na daktari ameshasema atajifungua kwa upasuaji. Uchungu ukianza ateremshwe Moshi mara moja.

"Fundi, kama huwezi, sema huwezi," akaniambia. "Nisizike mara ya pili kwa ajili ya gari hili."

Iliniuma, maana ile mara ya kwanza nilikuwepo. Julai ya mwaka jana mama yake, Bibi Epifania, alibanwa kifua alfajiri na gari likagoma kuwaka. Nilifuatwa kwa pikipiki. Nilipoliwasha, mama alikuwa ameshakata roho barazani.

Basi safari hii nikamwacha aondoke nalo, nikasema nitalifuata huko huko linakolala. Kesho yake kabla jua halijatoka nilikuwa Kibosho, meno yanagongana kwa baridi. Nikamkuta Mzee Nikodemo, baba yake Kornel, amefunua boneti, Kornel mwenyewe bado amelala. Anang'oa majani makavu ya mgomba, mafungu kwa mafungu. Alikuwa ameyashindilia kila upenyo, hata chini ya nyaya, kama anavyofunika pipa la pombe ya mbege lichachuke. Fungu moja likagoma. Akalivuta kwa nguvu, na waya wa sensa ukavutika nalo.

Yesu na Maria! Miezi mitatu nimetukana gari, Wajapani na Kornel. Nilimwendea mzee nikiwa nimefura, hata shikamoo ilitoka kwa kuuma meno.

"Marahaba," akasema, akiyapanga majani yake pembeni. "Nalitunzia joto, fundi. Si wewe ulisema dizeli haipendi baridi?"

Hasira zote zikaniishia. Ni kweli nilisema, pale pale, mwili wa mkewe Epifania haujapoa. Aliniuliza kwa nini gari limegoma, nikamjibu ni baridi. Haikuwa baridi. Plagi za kupasha injini zilikuwa zimekufa zote nne, na wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia Kornel ni nzima bila kuzipima. Nyani haoni kundule.

Waya ulikuwa mzima kwa nje, ndani umekatika. Kila nilipounyoosha, ncha zilikuwa zinagusana. Nikaweka mpya kwa dakika kumi. Gari likawaka, taa ikazimika. Salvina alisimama mlangoni ameshika kiuno, akacheka kidogo.

Mzee akaniuliza usiku ayapange vipi majani asivute waya tena.

"Usifunike tena, meku," nikasema, nikimwita mzee kwa Kichaga. "Siku ile haikuwa baridi. Nilikudanganya." Nikamweleza yote, mbele ya Salvina.

Mzee Nikodemo hakupandisha sauti.

"Mwaka mzima naamka saa kumi alfajiri," akasema.

Akayabeba majani yake, akaenda kuyamwaga chini ya migomba, kisha akaingia ndani. Chai hakunikaribisha.