Mkaa Wenye Njaa

Mpunga mchanga wa mjane ulikuwa umegeuka manjano, kuanzia kwenye tuta hadi katikati ya jaruba. Alikuwa amechoma pumba kwenye pipa, akazizima kwa maji kabla hazijawa majivu, kisha akauchanganya mkaa wake na udongo mchachu wa bonde, kama alivyoelekezwa na bwana shamba. Jambo moja tu aliliruka, kwa kuogopa kupitwa na mvua: hakuuloweka kwanza kwenye samadi. Mkaa ukaingia ardhini na njaa yake, ukafyonza chakula cha miche.

"Shemeji, ardhi umeipika mpaka imeungua!" alisema mdogo wa marehemu mumewe, amesimama juu ya tuta na jembe begani. "Na ulikubali mwenyewe mbele ya Mama. Msimu huu ukiharibika, jaruba linarudi kwangu."

"Bado haujaharibika."

Tangu alfajiri mjane alikuwa akimimina samadi iliyokorogwa kati ya mistari, huku mama mkwe wake akimjazia ndoo. Maji yalituama, ya kahawia. Yakiachwa hivyo, mkaa ungeshiba, na mpunga ungeponea hapo.

"Basi fungulia maji. Kwangu kule chini udongo umepasuka."

Ndivyo bonde lilivyonyweshwa: jaruba la juu likijaa, hulipitishia la chini.

"Nipe mpaka kesho kutwa, shemeji yangu, nakuomba. Yakitoka sasa, yanatoka na samadi yote."

"Kesho kutwa ni zamu ya wengine. Mpunga wangu nao nikauombee wapi?"

Akashusha jembe, akalikata tuta.

"We mtoto!" Mama alimaka. "Huyu si mke wa kaka yako?"

"Na mimi si mwanao, Mama?"



Maji ya kahawia yaliusukuma mwanya, yakateremka. Mjane akajitupa pale, akishindilia tope kwa viganja. Tope likayeyuka vidoleni mwake. Akageuka, akakaa kwenye mwanya wenyewe.

"Ondoka, shemeji. Usinifanye nikuguse."

"Nifukie humu humu!" Maji yalikuwa yakimpita kiunoni, kushoto na kulia. "Mama, tope! Niletee tope!"

Mama aliinamia tope na ndoo yake. Akalitazama jaruba la juu, akalitazama la chini, akabaki ameinama vile vile, ndoo tupu.