Na Mimi Nikianguka Je?

Baba Pacha alinunua kofia kabla ya boti. Kofia nyeupe ya unahodha, yenye nanga ya uzi wa dhahabu usoni, na aliivaa humo humo sebuleni akiangalia video za watu wanaozunguka dunia kwa matanga. Ukimkuta hivyo, miguu juu ya stuli na kikombe cha chai mkononi, ungeapa huyu keshavuka bahari zote. Kumbe mwenzetu alikuwa na kozi moja tu ya wanaoanza, na hata huko mwalimu alimwambia apunguze mdomo.

Maisha yake yote alikuwa fundi wa lifti. Alishinda ndani ya mashimo ya maghorofa, mikono imejaa grisi, mbele zege, nyuma zege. Sasa amestaafu, pacha wamekuwa watu wazima na wana nyumba zao, na yeye amebaki na hamu moja tu: boti ya matanga, aende mbali, nchi hadi nchi, yeye na mkewe, wawili peke yao. Bila mkewe hatoki. Hilo alilisema mbele ya kila mtu, na kusema kweli hakuwa anapamba. Mama Pacha akikataa, basi, boti haipo na safari haipo.

Mama Pacha hakukataa. Alikuwa nesi, mwembamba, mpole wa sauti lakini si wa msimamo, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwageuza kitandani watu waliopooza. Mwili uliolegea anaujua uzito wake.

"Nakuja," alisema. "Lakini wewe ulivyo jitu, ukidumbukia majini, nani atakutoa? Huko hakuna jirani wa kumwita."

"Utanitoa wewe."

"Haya. Na mimi nikianguka je?"

Baba Pacha akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Wewe? Utaangukaje na mimi nipo?"

Alimuuliza tena jikoni. Akamuuliza kwenye foleni ya benki, akamuuliza taa zikiwa zimeshazimwa, na jibu likawa kicheko kile kile. Mwishowe akaacha kuuliza. Mwanamume mwenye akili zake hushtuka mke anapoacha kuuliza. Huyu wetu akaona ameshinda.

Wakaenda kwa dalali wa boti. Dalali alikuwa mtu wa makamo, miwani myeusi, ulimi wa asali. Hata hawajakaa, Baba Pacha keshakuwa "bosi" na mkewe keshakuwa "shemeji". Akawapeleka moja kwa moja mpaka mwisho wa gati, kwenye boti ndefu nyeupe aliyoiita Malkia.

Loo, boti ilikuwa boti! Ndani kuna kitanda cha watu wawili wasiogombana, jiko la gesi lenye oveni, bafu lenye kioo. Baba Pacha alipita humo akigusa kila kitu kwa ncha za vidole, na alipofika kwenye usukani, gurudumu kubwa la chuma linalong'aa, akasimama nyuma yake na kutazama mbele kana kwamba gati lenyewe linasonga.

"Hii, mke wangu. Hii hii."

"Ruka," alisema Mama Pacha.

"Niruke wapi?"

"Majini. Nikutoe."

Dalali akacheka, akijua ni utani. Mama Pacha hakucheka. Basi Baba Pacha, ambaye hajawahi kukimbia ubishi hata mmoja, akavua shati na ndala, akamkabidhi dalali ile kofia kama mtu anayekabidhi mtoto, akaruka. Maji yakaruka mpaka kwenye miwani ya dalali.

Alipoibuka akatazama juu. Ubavu wa Malkia ulikuwa umesimama mbele yake mweupe, laini, mrefu, hauna pa kushika. Ngazi ilikuwepo, lakini imekunjwa huko juu, na kwa aliye majini haifikiki. Mama Pacha akaishusha, akasema, "Hapana, usipande. Umegonga kichwa. Umelegea."

"Nimelegeaje?"

"Legea, Baba Pacha. Na mdomo nao ulegee."

Akalegea. Mkewe akalala kifudifudi juu ya sitaha na kunyoosha mkono. Vidole vyake vikaishia hewani. Akateremsha kamba, akaipitisha kwapani mwa mumewe kwa tabu, akavuta. Akaweka mguu ukingoni, akavuta hadi shingo ikamtoka mishipa. Kichwa cha Baba Pacha kikatoka majini kidogo, kikarudi.

Dalali akasogea. "Shemeji, ngoja nikusaidie."

"Wewe haupo," alisema Mama Pacha bila kugeuka. "Wewe uko kwako unakula."

Akavuta tena, na tena, na hapo Baba Pacha, akielea chali na maji yakimwingia puani, akamwona usoni. Mkewe alikuwa analia. Hakulia kwa sauti, wala hakuacha kuvuta. Baba Pacha akaona jinsi mkewe atakavyokuwa siku hiyo ikija kweli: yuko juu, kamba mkononi, mume yuko chini yake pale, na hakuna la kufanya.

"Basi," alisema Baba Pacha. "Basi, mama. Napanda."

Hakuitaja tena Malkia. Iliuma, tusidanganyane, iliuma sana.

Dalali akakuna kichwa, akawaonyesha boti ya pembeni ambayo mwenyewe aliipita haraka wakati wa kuja. Fupi, pana, rangi ya samli iliyokaa sana, usukani wake mti tu wa kushika kwa mkono. Wenye boti za jirani waliiita Bata. Lakini nyuma ilikuwa imeketi chini karibu na maji, na ngazi yake mtu aliyeanguka angeweza kuivuta mwenyewe kutoka majini. Baba Pacha akaizunguka mara moja, akatazama ule mti mrefu uliolala chini ya tanga kubwa, kisha jicho likamwaka. Akaomba makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, na kamba yenyewe. Hapo tena alikuwa kazini kwake! Akafunga makapi kwenye ule mti, akapitisha kamba hapa, akairudisha pale, akaruka majini, akalegea vizuri kabisa, na mdomo nao. Mama Pacha akavuta kwa mkono mmoja, na lile jitu likapanda taratibu, likitiririka maji, likiwa linacheka.

"Lifti!" alipiga kelele akiwa ananing'inia. "Mke wangu, hii si lifti hii?"

Hata Mama Pacha alicheka. Kisha akamvuta dalali pembeni, wakanong'ona. Baba Pacha, aliyekuwa anajikausha na kuvaa kofia yake, akadhani wanapatana bei.

Wakatoka kuijaribu. Nje ya bandari upepo ulikuwa umeongezeka kuliko ulivyoonekana gatini, na mawimbi yalikuwa yanakuja kutoka nyuma, yanainyanyua Bata na kuisukuma mbele. Baba Pacha alishika usukani. Injini imezimwa, tanga limejaa, na ile boti iliyodharauliwa ilikuwa inakwenda. Dalali alikaa karibu yake, kimya kuliko kawaida yake, mikono mfukoni. Mama Pacha alikuwa amesimama ubavuni nyuma yao, amevaa jaketi la kuokolea maisha, kamba mkononi.

"Tazama tanga lilivyotuna!" Baba Pacha alisema, kichwa juu. "Mama Pacha, umeona?"

Hakujibiwa. Alisikia kishindo kidogo tu, kama ndoo iliyomwagwa.

Aligeuka. Mahali aliposimama mkewe palikuwa na kamba peke yake.

Alimwona. Hilo baadaye alilirudia kama mtu anayejitetea mahakamani: alimwona, kichwa chake kiko pale nyuma, karibu kabisa. Akaachia usukani akainama kutafuta boya kwenye sanduku la chini ya kiti. Boya lilikuwa limejiviringa na kamba zake. Akalivuta, likagoma, akatukana, likatoka. Alipoinua kichwa, Bata ilikuwa imejigeukia yenyewe. Ule mti wa tanga ukavuka juu ya vichwa vyao kwa kishindo, mlingoti ukatetemeka, na bahari yote ikawa moja. Mawimbi huku, mawimbi kule, yote yanafanana. Mkewe hayupo.

"Yuko wapi?" alimfokea dalali. "Yuko wapi!"

Dalali alikuwa amevua miwani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Bosi, aliniambia nisiseme kitu. Alisema ataruka, mimi nisiguse chochote, kazi yangu nimtazame yeye tu. Nilikuwa namtazama, wallahi. Tanga lilipovuka likaniziba." Akanyanyuka kutazama tena. "Bosi, na mimi simwoni."

 Baba Pacha aliogopa. Hakuwa amewahi kuogopa hivyo, hata siku ile kamba ya lifti ilipokatika yeye akiwa juu ya paa lake. Alitazama upande mmoja, akatazama wa pili, na kila wimbi lililoinuka alidhani ni yeye, na kila lililoanguka lilikuwa maji tu. Boya lilikuwa bado mkononi mwake, hana pa kulitupa. Akaita jina lake la usichana, ambalo hakuwa amelitaja tangu pacha wazaliwe. Tanga lilikuwa linapigapiga juu yake kama mabati kwenye kimbunga, na sauti yake mwenyewe hakuisikia.

Dalali akaruka kwenye ufunguo wa injini.

"Usiwashe!"

"Bosi, tunazidi kwenda mbali!"

"Usiwashe, nimesema! Sitamsikia!"

Mtu akikwama kwenye lifti, jambo la kwanza ni kunyamaza. Vijana wapya hukimbilia kupiga milango na kuita, na aliyekwama anagonga huko shimoni na hakuna anayejua ni ghorofa ya ngapi. Baba Pacha alikuwa ametoa watu wengi mashimoni kwa masikio tu. Akakimbilia mlingoti, akafungua kamba ya tanga, akaiachia yote. Tanga likaporomoka likawafunika nusu. Zile kelele zikafa.

"Zuia pumzi," alimwambia dalali.

Upepo. Maji yakipiga ubavu. Moyo wake mwenyewe. Kisha, mbali, upande ambao asingeufikiria hata kidogo, kitu chembamba: filimbi.

Akanyoosha mkono huko na hakuushusha. "Washa. Pole pole. Zima." Wakasikiliza. Filimbi. "Washa. Zima." Wakasikiliza tena. Safari hii haikulia, na Baba Pacha akaanza kuomba kwa sauti, maneno hayana mpangilio, ahadi ambazo hakuna binadamu angeweza kuzitimiza. Ikalia tena, karibu. Na hapo wimbi likainuka likamwinua naye: kichwa kidogo, jaketi la rangi ya chungwa, mkono umeshika filimbi ya jaketi mdomoni.

Akazima injini kabisa, akaiacha Bata isukumwe na upepo mpaka kwake. Mama Pacha akaivuta ngazi mwenyewe kutoka majini. Mumewe akamshika kwapani akamwingiza ndani, wakaanguka wote wawili sakafuni juu ya tanga lililolowa, na hakumwachia.

Mama Pacha akatema maji ya chumvi. "Nilidhani utarudi upesi," alisema. "Nilihesabu utarudi upesi. Niliogopa, Baba Pacha."

"Una wazimu! Ungeniambia!" Alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi, mbele ya dalali. "Kwa nini hukuniambia?"

"Anayeanguka haagi. Na mimi nilikuambia. Nimekuambia mwaka mzima."

 Baba Pacha alimfunika kwa blanketi, akamfunika na koti lake, akamfunika na koti la dalali. Kisha akasema, macho chini, "Hatununui. Turudi nyumbani. Sina haja ya bahari."

"Tunanunua hii."

"Mama Pacha, ningekupoteza!"

"Ndiyo." Akafuta maji usoni. "Hii ina ngazi niliyoivuta mwenyewe. Na humu ndani leo hukucheka."

Dalali, ambaye kwake biashara ni biashara, akafungua mdomo, akaona heri aufunge.

 Baba Pacha akainuka, akalipandisha tanga upya, akashika usukani, Bata ikajaa upepo. Akavua ile kofia ya nanga ya dhahabu, akaitazama, akaitupa nyuma majini.

Akageuza. Akakosea, tanga likapigapiga, akageuza tena. Macho yake yalikwenda mara moja tu kwenye kamba, mara moja, na yaliporudi ikambidi aitafute. Akaiona, nyeupe, imejaa maji. Walipoifikia ilikuwa inazama, na kwa muda wakaiona nanga ile iking'aa ikishuka chini, kisha hawakuiona.

"Huyo alikuwa mimi," alisema Mama Pacha ndani ya makoti yake.

 Baba Pacha alivua ndala ya mguu wa kulia, akaitupa mbali kadiri alivyoweza, na safari hii alipogeuza usukani hakuiondolea macho.