Mtu wa Safu ya Nyuma

Toka mwanzo sikumwamini Mwanahesabu. Mtu anafundisha hesabu, sasa anakuja kukaa safu ya nyuma kwenye mhadhara wangu wa udongo kutafuta nini? Anaweka simu juu ya dawati inarekodi, halafu anatazama dirishani kama vile hayupo.

Mikataba yetu ilikuwa inaisha pamoja, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Wanafunzi walishalalamika kwamba Kiingereza chetu sisi wahadhiri wageni hakieleweki, idara ikatuletea mwalimu wa matamshi. Atakayeeleweka zaidi kwenye mhadhara wa majaribio ndiye atakayebaki. Kwa hiyo nikajua Mwanahesabu anaokota makosa yangu ampelekee mkuu wa idara. Dada yangu akaniambia kwenye simu niache kuwafikiria watu vibaya. Huyo dada naye anamwamini kila mtu, mpaka wauza dawa za upara.

Mwalimu wa matamshi alituagiza kila mmoja achague mtu anayeeleweka, amrekodi, kisha amfuatishe kwa sauti mpaka wawe wanavuta pumzi mahali pamoja. Mimi nilimchagua msomaji wa habari wa redioni. Nikajifungia bafuni mbele ya kioo, nikapinda mdomo mpaka mashavu yakauma. Mwalimu akanivuta pembeni, akasema nisijibadilishe sana, nilivyo naeleweka vizuri tu. Nikamwangalia. Nikasema moyoni, hata huyu wameshamweka mfukoni.

Siku ya majaribio Mwanahesabu alitangulia. Nilikaa koridoni, mlango ulikuwa wazi kidogo. Alipoanza kuongea, nikasimama. Jamani! Kule kutua kabla ya neno zito, kule kurudia swali kwa sauti ya chini, hata kile kikohozi cha kubadilisha mada, vyote vyangu. Aliongea kama nilivyokuwa naongea mimi kabla ya redio, na watu mle ndani walikuwa wanacheka panapostahili.

Zamu yangu ilipofika niliingia nimefura kwa hasira, nikasoma habari yangu mpaka mwisho. Hakuna aliyeuliza swali.

Jioni mkuu wa idara aliniita. Alisema kwa upole kwamba nafasi imekwenda kwa mwenzangu, ila nisikate tamaa, vyuo viko vingi. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanishika bega.

"Nikushauri kitu," akasema. "Msikilize mwenzako. Jaribu kuongea kama yeye."