Bega la Melkiori

Bega la Melkiori lilipochomoka, lilitoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa jikoni. Alikuwa katikati ya Ziwa Kitangiri, mkono wa kulia ameupeleka nyuma kabisa ya mgongo ili achomeke kafi na kuugeuza mtumbwi kwa mabavu, kama alivyozoea. Wavuvi wenzake walimkokota hadi nchi kavu akilia kimyakimya, yeye aliyesifika kwa misuli ufuko wote ule.

Hospitalini bega lilirudishwa. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mpole, alishika mpini wa ufagio akamwonyesha namna ya kupiga kafi bila kujiumiza tena: mikono ibaki mbele ya kifua, viwiko vikae chini, nguvu itoke kiunoni. Melkiori alitazama dirishani. Alikuwa akipiga kafi tangu utotoni. Ufagio ungemfundisha nini? Klara, mkewe, ndiye aliyeutazama ule ufagio.

Muda wote ambao mkono wa mumewe ulining'inia kwenye kitambaa, Klara aliingia ziwani badala yake. Alirudi na perege wa mboga na wa kuuza. Melkiori aliwala kwa shingo upande. Kilichomkera zaidi ni kwamba mkewe alirudi hajachoka.

Siku aliyorudi kazini walikwenda wote, yeye nyuma, Klara mbele. Upepo wa mchana uliwakuta mbali na matete. Wimbi likaupiga mtumbwi ubavuni, ukaanza kulala upande. Mkono wa Melkiori ukaenda nyuma wenyewe. Bega likamchoma, akaganda, kafi likiwa hewani.

Klara aligeuza shingo. "Baba Asnath, geuka na kifua! Usiuache mkono nyuma. Geuka mzima!"

Kwa kitambo kidogo Melkiori aliona heri wazame. Kisha akazungusha kiwiliwili chote, kifua kikalielekea kafi, mikono yote miwili ikabaki mbele yake, akasukuma. Haikuwa nguvu aliyoijua. Ilipanda taratibu kutoka kwenye nyayo zake, ikapita kiunoni, na bega likakaa kimya. Mtumbwi ukauelekea upepo. Wakapiga kafi hadi ufukoni.

Asubuhi iliyofuata Melkiori alipita sehemu yake ya nyuma, akaenda kuketi mbele. Klara alisimama majini, mtumbwi ukimgonga magoti.

"Mbona huko?"

"Ukae nyuma unione mgongo," alisema bila kugeuka. "Ukiona mkono unakwenda peke yake, sema."

Klara akaushika mtumbwi, akausukuma kuelekea kilindini, akapanda nyuma.